Usharika si ushirika: maneno ya kanisani kwa wanaoandika ratiba na wanaoshika maiki

Mwambie bodaboda wa Moshi mjini akupeleke "Ushirika", atakushusha kwenye lango la Chuo Kikuu cha Ushirika. Mwambie "usharikani", atakuuliza usharika upi. Irabu moja tu imebadilika. Ushirika ni ule wa wakulima wa kahawa, wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro kilichoanza mwaka 1933. Usharika ni kanisa la mahali la Kilutheri, lenye mchungaji wake, wazee wake na mipaka yake. Kadi zinaendelea kutoka steshenari zimeandikwa "Ushirika wa" fulani, na mzee wa kanisa akipewa moja huishika kwa vidole viwili kama aliyepewa maziwa yaliyochacha.

Ninayemwandikia hapa ni katibu wa kamati ya msiba au ya harusi, mshereheshaji, na kijana anayechapa kadi usiku kucha. Huku Kilimanjaro na Arusha ukoo mmoja una Walutheri wa Machame, wakwe Wakatoliki wa Kibosho na shemeji aliyeokoka. Wote watakaa chini ya turubai moja, na wote watasikia neno likiwekwa pasipo pake. Kanuni ninayoifuata ni fupi: neno humfuata anayeongoza ibada, halimfuati anayeandika. Kama padre ndiye anazika, andika Kikatoliki hata kama kamati nzima ni ya Walutheri.

Tofauti hizi zina historia. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, wakapanda mlima na kufungua misheni za Kilema na Kibosho mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walikuja na maneno yenye asili ya Kilatini na Kireno: misa, padre, altare, sakramenti, komunyo. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame 1893, na kwa muda mrefu walihubiri kwa Kichaga. Kiswahili chao cha ibada kimelelewa zaidi na Biblia, hasa ile ya Union Version iliyotoka 1952. Ndiyo maana Mlutheri husema Chakula cha Bwana pale Mkatoliki anaposema Ekaristi au Komunyo. Kanisa, ibada, injili na sadaka, yenye asili ya Kiarabu, ni ya wote.

Tuanze na anwani, maana makosa mengi yako hapo. "Jimbo" kwa Mkatoliki ni eneo lote la askofu: Jimbo Katoliki la Moshi, Jimbo Kuu Katoliki la Arusha. Arusha ni Jimbo Kuu tangu 1999, kwa hiyo wa Arusha ni Askofu Mkuu na wa Moshi ni Askofu. Kwa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, eneo la askofu huitwa dayosisi (ya Kaskazini makao yake Moshi, ya Kaskazini Kati makao yake Arusha), na "jimbo" ni sehemu tu ya dayosisi, inayoongozwa na Mkuu wa Jimbo ambaye ni mchungaji. Ukiandika "Askofu wa Jimbo" kwenye kadi ya Kilutheri umemvika Mkuu wa Jimbo kofia isiyo yake. Na kiongozi wa KKKT nchi nzima anaitwa Mkuu wa Kanisa. Usimwite Askofu Mkuu.

Kushuka chini, parokia ya Kikatoliki ina vigango, na kigango kina Jumuiya Ndogo Ndogo. Usharika wa Kilutheri una mitaa, na mtaa nao una jumuiya zake. Paroko ni padre aliyekabidhiwa parokia, kwa hiyo kila paroko ni padre lakini si kila padre ni paroko. Kijana aliyepadrishwa juzi na kuja kumzika bibi yake usimwandike paroko. Kigangoni yupo katekista. Kwenye mtaa wa Kilutheri yupo mwinjilisti. Askofu Mkatoliki ni Mhashamu, kardinali ni Mwadhama. Baba Askofu linafaa pande zote mbili, na ukiwa na shaka lishike hilo.

"Mtumishi wa Mungu" nalo ni la kuangaliwa. Kwa waliookoka ni mhubiri yeyote. Kwa Wakatoliki, likiandikwa kwa herufi kubwa mbele ya jina, ni hatua rasmi ya mtu ambaye mchakato wa kumtangaza mtakatifu umefunguliwa. Mwalimu Nyerere huitwa hivyo. Hatua za mbele zaidi ni pamoja na Mwenyeheri, na mwisho Mtakatifu, yaani Mt. Mtu anayeandika "Mt." akimaanisha mtumishi kwenye orodha ya wageni anatangaza mtakatifu bila kwenda Roma.

Sasa vitenzi, maana mshereheshaji akikosea nomino watu humsamehe, lakini kitenzi kinamfichua kabisa. Misa huadhimishwa. Ibada huongozwa. Rozari husaliwa, na anayeitangulia anaisalisha. Komunyo hupokelewa, au mtu anakomunika. Chakula cha Bwana mtu hukishiriki. Mkatoliki huungama kwa padre, na sakramenti yenyewe ni kitubio. Kwa Mlutheri maungamo husemwa na usharika wote mwanzoni mwa ibada. "Kuabudu" kwa Mkatoliki mara nyingi ni kupiga magoti mbele ya Ekaristi Takatifu kimya kimya, lakini kwa shemeji aliyeokoka "sifa na kuabudu" ni kinanda, ngoma na mikono juu. Ukitangaza "saa 10:00 jioni kuabudu" bila kusema ni wapi, utapata makundi mawili yenye matarajio tofauti kabisa. Kuswali waachie Waislamu, sisi tunasali.

Siku ya ibada ni Jumapili kwa wote, ila kwenye maandishi ya Kikatoliki utakuta Dominika. Haleluya ya Walutheri na Wapentekoste ina h, Aleluya ya Wakatoliki haina. Padre hutoa homilia, mchungaji hutoa mahubiri. Ukiandika "mahubiri" kotekote hakuna atakayelalamika. "Somo" lina maana mbili kwa Mkatoliki: somo la kwanza ni kile kinachosomwa kwenye mimbari, na somo wa jumuiya ni mtakatifu msimamizi wake. Kiambishi ndicho kinachotofautisha: somo hili, somo huyu.

Salamu zenyewe ni kitambulisho. "Tumsifu Yesu Kristo" hujibiwa "Milele na milele, amina". "Bwana Yesu asifiwe" hujibiwa "Amen". Msemaji mwenye busara mbele ya umati mchanganyiko hutoa zote mbili, akianza na ya wenye shughuli, kisha anaongeza "habari za mchana" kwa majirani Waislamu waliokuja kuchimba kaburi na kubeba viti.

Sala ya Baba Yetu ndipo mchanganyiko unaposikika kwa masikio. Umati wote huanza pamoja vizuri: Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako... Hapo njia inagawanyika. Wakatoliki wanasema "ufike", wengine "uje". Kisha Wakatoliki wanaendelea "utakalo lifanyike duniani kama mbinguni", wakati wenzao bado wako kwenye "mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni", ambayo ni ndefu zaidi. Kwa hiyo Mkatoliki anafika "utupe leo" mapema, na anaomba mkate wetu wa kila siku huku jirani yake anaomba riziki. Mwishoni Mkatoliki anasema "usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni", mwingine "usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu". Kuopoa ni kutoa kitu kilichozama, kama ndoo kisimani, na mimi naona neno hilo lina picha nzuri kuliko kuokoa, ingawa ndilo linalowashangaza wageni. Kisha Mlutheri anaunganisha moja kwa moja "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu", wakati Mkatoliki amekwisha kusema amina na kunyamaza. Ndani ya Misa hata hiyo amina haisemwi: padre anaendeleza sala yake kwanza, ndipo waamini wanajibu kwa maneno ya ufalme, nguvu na utukufu. Mgeni Mlutheri aliyeyawahi hujikuta anasema peke yake.

Dawa yake si kuwafundisha watu sala mpya siku ya msiba. Mshereheshaji aseme tu, "tusali Baba Yetu, kila mmoja kama alivyozoea", na anayeongoza asali polepole, akipumua kila baada ya kishazi. Ukiichapa nyuma ya ratiba, chapa ile ya kanisa linaloongoza, nzima. Kuna ratiba zimechapwa sala iliyoanza "ufalme wako ufike" ikaishia "yule mwovu". Hiyo haina kanisa. Kanuni ya Imani nayo ni vivyo hivyo: Mkatoliki huanza "Nasadiki", wengine "Namwamini". Ukisikia maneno mawili kwa pamoja kwenye mstari wa kwanza, usiongeze sauti ya maiki ili upande wako ushinde.

Kipaimara ndilo neno linalopotosha zaidi, kwa sababu wote wanalo. Lenyewe ni ki-pa-imara, kinachompa mtu uimara. Kwa Mkatoliki ni sakramenti mojawapo kati ya saba, kwa kawaida huitoa askofu, akimpaka mtoto krisma, yaani mafuta matakatifu, kwenye paji la uso huku msimamizi amesimama nyuma yake. Mtoto huyo kwa kawaida alishapata Komunyo ya Kwanza kabla. Kwa Mlutheri Kipaimara si sakramenti (anazo mbili tu, Ubatizo na Chakula cha Bwana). Ni tendo la kijana kukiri mwenyewe imani aliyobatizwa, baada ya mafundisho ya miaka miwili, na mchungaji wa usharika ndiye humwekea mikono na kumbariki. Baada ya hapo ndipo anashiriki Chakula cha Bwana. Kwa hiyo kadi inayosema "Kipaimara na Komunyo ya Kwanza ya mtoto wetu" mara nyingi imenakiliwa kwa jirani bila kuuliza. Ya Kilutheri iandike "Kubarikiwa Kipaimara". Ya Kikatoliki, "Kupokea Sakramenti ya Kipaimara". Na usipange tarehe ya sherehe ya Kikatoliki kabla parokia haijatangaza tarehe ya askofu: anazunguka parokia nyingi, na kalenda yake ikisogea, ng'ombe aliyelipiwa na ukumbi uliowekewa arubuni havisogei.

Ndoa na harusi watu huzichanganya bila madhara makubwa: ndoa ni kiapo, harusi ni shangwe. Lenye uzito ni "kufunga" na "kubariki". Kufunga ni kwa wanaoanza. Kubariki au kutakatifuza ndoa husemwa kwa waliokwisha kuishi pamoja kimila au kiserikali, na ukiliandika kwenye kadi ya wachumba wapya mama mkwe atataka kujua unachokijua. "Sakramenti ya Ndoa" ni ya kadi ya Kikatoliki pekee. Matangazo hutolewa kanisani Jumapili tatu, na Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inataka taarifa ya siku 21 kabla, kwa hiyo anayekuja ofisini wiki mbili kabla ya tarehe amechelewa kwa pande zote. Mkatoliki anayeoana na Mlutheri hufunga ndoa mseto, na kwa upande wa Kanisa Katoliki inahitaji ruhusa ya askofu. Barua hiyo ianze kufuatiliwa miezi kadhaa kabla. Kwaresima kwa desturi hatuoi. Hesabu siku 40 kutoka Jumatano ya Majivu bila Jumapili, utafika Jumamosi Kuu.

Msiba ndio una haraka kuliko vyote, na haraka ndiyo huzaa ratiba kama hii, ambayo nimeiandika kwa kukusanya makosa yanayojirudia:

"Saa 8:00 mchana: Ibada ya Misa ya kumwombea marehemu, ikiongozwa na Mchungaji Paroko wa Ushirika."

Mstari mmoja, makosa manne. "Ibada ya Misa" ni kama kusema chai ya chai. Mchungaji si paroko. Ushirika tumeshaueleza. La nne ndilo zito: Walutheri hawamwombei marehemu. Wanamshukuru Mungu kwa maisha yake na kuwaombea waliobaki. Wakatoliki wanamwombea kwa jina, tena kwa nguvu: "Raha ya milele umpe ee Bwana", na umati unajibu "na mwanga wa milele umwangazie; apumzike kwa amani". Mshereheshaji akiuanzisha mwitikio huo kwenye mazishi ya Kilutheri, nusu ya umati itaitika kwa mazoea na mchungaji ataangalia chini. Kwa Mlutheri mstari huo uwe: "Saa 8:00 mchana: Ibada ya mazishi, ikiongozwa na Mchungaji wa Usharika." Kwa Mkatoliki: "Saa 8:00 mchana: Misa Takatifu ya mazishi, ikiadhimishwa na Paroko." Basi.

Kabla hujaandika "Misa", angalia kalenda. Misa ya mazishi haiadhimishwi Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu, wala Dominika za Majilio, Kwaresima na Pasaka. Siku hizo marehemu huzikwa kwa ibada ya Neno, na familia huomba Misa ya kumwombea siku nyingine. Ijumaa Kuu haina Misa kabisa, kwa hiyo "Misa ya Ijumaa Kuu" ni kitu ambacho hakipo. Kwaya nazo zikumbushwe: kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka mkesha wa Pasaka hakuna Aleluya, hata kama marehemu aliipenda na aliagiza iimbwe.

Masomo yana mtego wake. Padre akichagua Hekima sura ya 3, juu ya roho za wenye haki zilizo mikononi mwa Mungu, na msomaji ni mjukuu Mlutheri aliyekuja na Biblia yake, hatakiona kitabu hicho. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, yake ina 66. Mpe karatasi iliyochapwa jana yake, asome kwa sauti mara mbili nyumbani. Na lile neno la Ayubu 1:21 linaloandikwa kwenye mashada, "Bwana ametoa na Bwana ametwaa", katika Union Version ni "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Alitoa zamani, ametwaa sasa hivi. Wakati wa vitenzi umebeba nusu ya maana, lakini mashada yanaendelea kuuangusha.

Muda nao una hesabu yake. Kuaga mwili kwa watu 300, kila mmoja akisimama sekunde 5, ni dakika 25 kwa mstari mmoja. Pitisha mistari miwili, kulia na kushoto ya jeneza, zinakuwa kama 13. Misa yenye komunyo ipe saa moja na nusu. Wasifu wa marehemu usomwe nyumbani wakati wa kuaga. Kama ni lazima usomwe kanisani, muulize padre kwanza: nafasi yake kwa kawaida ni baada ya sala ya komunyo, kabla hajanyunyizia jeneza maji ya baraka na kulifukizia ubani. Wasifu haukai mahali pa homilia. Kurasa mbili zinatosha, na orodha ya shule zote alizosoma haimsaidii mtu aliyesimama juani kihambani, kwenye shamba la ukoo.

Jioni za matanga kwa Wakatoliki jumuiya huja kusali rozari. Anayesalisha ajue siku: matendo ya furaha Jumatatu na Jumamosi, ya uchungu Jumanne na Ijumaa, ya utukufu Jumatano na Jumapili, ya mwanga Alhamisi. Hayo ya mwanga aliyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, kwa hiyo vitabu vya bibi havina, na bibi mwenyewe atakusahihisha kwa ujasiri. Makumi 5 yenye Salamu Maria 10 kila moja, pamoja na zile 3 za mwanzo, jumla 53. Anayepotea katikati ya kumi asirudie kumi zima. Ashike punje iliyo mkononi aendelee.

Kwenye sadaka sitakaa sana. Zaka au fungu la kumi ni sehemu ya pato, ahadi ni ile uliyoandika kwenye bahasha, matoleo ni yote yanayoletwa mbele. Mkungu wa ndizi, jogoo na lita za maziwa zikifika altareni kwenye usharika wa Kilutheri, baada ya ibada huenda mnadani nje ya kanisa, na hapo ratiba yako inapoteza nusu saa. Iandike.

Mwisho wa ratiba watu huandika "Baraka" na kumpa mjomba. Baraka, ile ya "Bwana akubariki na kukulinda", hutolewa na mchungaji, na kwa Wakatoliki na padre au shemasi. Mjomba afunge kwa sala, kisha wote waseme Neema kwa pamoja: neema ya Bwana Yesu Kristo, na pendo la Mungu, na ushirika wa Roho Mtakatifu ukae nasi sote. Hapo ni ushirika, kwa i. Kijana wa steshenari asiusahihishe.